Elimu ya Miguu na Macho

Katika kazi zote za ualimu sijui iliyo ngumu, wala iliyo bora, kuliko ile ya kumfunza kijana kuitazama ardhi hata akaisoma. Na katika mahodari wa kazi hiyo mimi humtanguliza Carl Sauer, aliyesomesha jiografia katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, tangu mwaka 1923 mpaka 1957.

Alizaliwa mwaka 1889 Warrenton, mji mdogo wa Missouri huko Marekani, katika ukoo wa Kijerumani, na utotoni alisoma kwa muda Ujerumani kwenyewe. Shahada ya udaktari aliipata Chicago mwaka 1915, kwa utafiti juu ya nyanda za Ozark, katika jimbo lake mwenyewe, kisha akasomesha Michigan. Zama zile walikuwapo wanazuoni walioshikilia kwamba tabia ya nchi ndiyo inayokata hukumu juu ya maisha ya watu. Sauer aliipinga rai hiyo, na katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1925 akabainisha kuwa wanadamu, kwa mila zao na kazi ya mikono yao, ndio waigeuzao sura ya nchi kizazi baada ya kizazi.

Lakini linalonivutia zaidi ni safari zake. Aliwachukua wanafunzi mpaka kaskazini-magharibi ya Mexico, akataka waende taratibu, kwa miguu inapowezekana, wasimame mara kwa mara, wawasikilize wenyeji, wazipekue na hati za kale za Kihispania. Apitaye mbio huliona shamba la mkulima wa huko kuwa fujo tupu. Bali akisimama na kuinama, huona jinsi mharagwe ulivyojizongomeza katika bua la muhindi likawa ndilo egemeo lake, na majani mapana ya maboga yalivyotandaa chini, yakiusitiri udongo usikaushwe na jua, na magugu yasipate pa kuota. Hapo ndipo maswali huzaliwa: ni nani waliotangulia kupanda hivi, na mbegu hizi zilifika kwa njia gani? Kutokana na maswali ya namna hiyo kilipatikana kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya asili ya kilimo na kuenea kwake.

Wala elimu hiyo haikuwa ya anasa. Mwaka 1941, Wakfu wa Rockefeller ulipokuwa ukipanga kuisaidia Mexico katika kilimo, Sauer aliuonya kwamba kuingiza mbegu chache teule za Kimarekani kungeweza kuiangamiza hazina ya mbegu za wenyeji. Onyo kama hilo halitoki kwa mtu aijuaye nchi kwa ramani peke yake.

Basi enyi mnaosomesha jiografia katika vyuo vyetu, watoeni wanafunzi madarasani, wapelekeni mashambani, na muwape wasaa wa kusimama na kuuliza.