Landilodi wa malandilodi: Somo la tafsiri kutoka kibanda cha video

Mwaka juzi nilimkata mwanafunzi wangu alama mbili kwa sababu ya neno moja. Swali lilimtaka aeleze mfumo wa utawala wa Ulaya ya Enzi za Kati kabla ya kuhakiki tamthilia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Aliandika kwamba mfalme aliwagawia ardhi “malandilodi”, nao wakamlipa kwa kumpigania vitani. Nilichukua kalamu nyekundu, nikalizungushia neno hilo duara, nikaandika pembeni: “Makabaila! Tumia istilahi sahihi.” Kijana huyo alikuwa mkaazi wa Kawangware.

Sikulikumbuka tukio hilo hadi Jumamosi mbili zilizopita, nilipokuwa nimeketi kwenye benchi ndani ya kibanda cha mabati huko Kibera, shilingi 20 zangu zimeshatiwa mkobani na bawabu. Aliyenipeleka ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mwalimu wa Kiswahili na Historia. “Mwalimu,” aliniambia kwa simu, “wewe huandika kuhusu watafsiri wasiosomwa na mtu. Njoo nikuonyeshe mtafsiri anayejaza ukumbi.”

Msomaji anayemfahamu DJ Afro hapa nchini, au aliyewahi kumsikia Lufufu kule Tanzania, anaijua sanaa yenyewe. Sauti ya filamu hupunguzwa, kisha msimulizi huingia juu yake. Hutafsiri, hufafanua, hukejeli, humtania mhusika kana kwamba ni jirani. Wengi wetu wa vyuo vikuu tumeipuuza kazi hii tukisema ni uharibifu wa lugha. Naomba leo niihakiki kama ninavyohakiki tafsiri nyingine yoyote. Imepata nini, na imepoteza nini?

Filamu yenyewe ilikuwa Braveheart, ile ya Mel Gibson iliyotoka mwaka wa 1995. Inahusu Uskoti ya mwishoni mwa karne ya 13. Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, anadai kwamba yeye ndiye bwana wa Uskoti pia. William Wallace anainuka kumpinga. Katika historia, Wallace na mwenzake Andrew Moray waliwashinda Waingereza katika Daraja la Stirling mnamo Septemba 1297. Wallace akashindwa Falkirk mnamo Julai 1298, na hatimaye akauawa hadharani jijini London mnamo Agosti 1305.

Alipotokea mtu wa kwanza mwenye ngome, farasi na walinzi, nilitega sikio. Je, msimulizi angesema kabaila? Bwanyenye? Kijana alishika maikrofoni akasema: “Sasa skizeni. Huyu ndiye landilodi wa hii area. Lakini msimwogope sana, juu kuna landilodi wa malandilodi, anaitwa mfalme. Huyo ndiye mwenye kila kitu. Hawa wengine wote ni makeyateka tu.”

Kibanda kizima kiliitikia kwa mguno wa watu walioelewa. Mimi nilijihisi nimekamatwa.

Kwa maana kijana huyo, kwa sentensi chache, alieleza jambo ambalo mimi hulieleza kwa saa mbili. William wa Normandy alipoiteka Uingereza mwaka wa 1066, alijitangaza kuwa ndiye chanzo cha haki zote za ardhi. Wakubwa waliomfuata hawakupewa ardhi iwe mali yao kabisa. Waliishikilia kwa niaba yake, kwa masharti ya utii na ya kumpelekea askari wa farasi alipowahitaji. Mwishoni mwa mwaka wa 1085 akaamuru ufanywe ukaguzi mkubwa, uandikwe katika kitabu kiitwacho Domesday, ijulikane ni nani anashikilia shamba lipi na kutoka kwa nani. Mwenye ngome, kwa hakika, alikuwa msimamizi wa ploti ya mwingine. Keyateka hasa!

Sasa hebu tulitazame neno langu, kabaila. Asili yake ni Kiarabu, kule kule lilikotoka neno kabila. Katika matumizi ya pwani lilimtaja mtu wa ukoo wenye heshima. Ni neno la nasaba. Katika miaka ya siasa ya ujamaa, waandishi wa Tanzania walilibebesha dhana ya mfumo mzima wa kumiliki ardhi na watu, pamoja na neno jingine, umwinyi. Umwinyi ulikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu mwinyi ni yule yule mwenye. Unguja ilitawaliwa na Mwinyi Mkuu kabla masultani wa Oman hawajauzima utawala huo, na mabaki ya jumba lake yapo Dunga hadi leo. Cheo chake kilisema wazi kwamba kutawala ni kumiliki. Nasi Wakenya tuna tusi letu la kisiasa linalotoka katika shina hilo hilo: wananchi ni wengi, wenyenchi ni wachache.

Landilodi nalo lina historia yake. Ni neno la Kiingereza lenye maana ya bwana wa ardhi, na lilizaliwa katika Enzi hizo hizo za Kati. Likasafiri na sheria za Kiingereza hadi Nairobi, likabisha hodi katika milango ya mabati. Mtafsiri wetu hakuhitaji kulibuni. Alilirudisha lilikotoka tu.

Jambo la pili lililonivutia ni jina alilowapa wakulima. Vitabu vyetu huwaita watwana. Lakini katika Afrika Mashariki mtwana alikuwa mtumwa aliyeuzwa sokoni peke yake, akatenganishwa na kwao. Mkulima wa Ulaya niliyekuwa nikimfundisha alifungwa kwenye shamba. Alipewa kipande cha kulima, naye akalipa kwa siku za kazi katika shamba la bwana. Msimulizi alimwita skwota. Mkenya yeyote anayekumbuka mashamba ya walowezi anajua kwa nini neno hilo linafaa. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimlazimisha skwota kumfanyia mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa. Ningekuwa msahihishaji wa tafsiri hii, hapo ningempa alama zote.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Palikuwa na makosa, na mawili yaliniuma.

La kwanza ni jina alilowapa askari wa farasi wa mfalme: makarao. Watu walicheka, na kicheko hicho kilikuwa na sababu zake. Lakini karao hulipwa mshahara mwisho wa mwezi. Yule wa farasi alipigana kwa ajili ya ardhi, au kwa matumaini ya kuipata. Ukimwita karao unaukata uzi unaounganisha vita, shamba na kiti cha enzi, na uzi huo ndio filamu nzima. Kinachosikitisha ni kwamba neno bora zaidi lilikuwa limelala pale pale chini ya miguu yetu. Neno hilo ni keya.

Vijana wengi hawalijui siku hizi. Keya alikuwa askari wa KAR, kikosi kilichoundwa mwaka wa 1902 na kilichoitwa kwa jina la mfalme wa Uingereza. Miongoni mwa keya wa mwanzo walikuwa Wanubi wenye asili ya Sudan. Walipostaafu, badala ya kurudishwa kwao walikaa katika msitu ulio kando ya Nairobi, nao wakauita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka wa 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Walipewa ruhusa ya kulima na kujenga, lakini hati ya umiliki hawakupewa. Walimpigania mfalme, wakakaa kwenye ardhi ya mfalme kwa hisani ya mfalme. Mwaka wa 1921 mahakama jijini Nairobi iliamua kwamba hata Wakikuyu, katika ardhi ya mababu zao, walikuwa wapangaji tu wa serikali ya mfalme huyo, na wangeweza kuondolewa alipotaka. Wanubi wa Kibra walingoja hadi mwaka wa 2017 ndipo wakapewa hati ya jamii, ya ekari 288.

Kwa hiyo msimulizi alikuwa amesimama juu ya mfano hai wa hadithi aliyokuwa akiisimulia, asijue. Simlaumu. Sisi tunaofundisha ndio tuliomwacha neno keya limpite.

Kosa la pili ni zito zaidi. Filamu inaonyesha bwana wa ngome akidai haki ya kulala na bibi harusi usiku wa kwanza. Wanahistoria hawajapata ushahidi kwamba sheria ya namna hiyo ilikuwapo Uingereza au Uskoti. Huo ni uongo wa filamu. Lakini msimulizi aliupokea akautia chumvi, akasema landilodi amekuja kuchukua “rent ya bibi harusi”. Wanaume walipiga makofi. Benchi la mbele yetu walikuwa wasichana watatu, na hakuna aliyecheka. Mwanafunzi wangu aliniinamia akaninong'oneza: “Mwalimu, hiyo jokes wao huiskia mlangoni wakidaiwa kodi.”

Hapo ndipo nguvu ya neno landilodi inapogeuka kuwa hatari. Tafsiri inayomsogeza mhusika mlangoni pa msikilizaji inasogeza pia woga wake. Mtafsiri akishachagua kumfanya bwana wa Ulaya kuwa landilodi wa Kibera, hana tena ruhusa ya kusema kwamba ni mzaha tu wa mbali.

Wiki iliyofuata tuliifuata filamu hiyo Kawangware, kwa kuwa msimulizi yule huzunguka. Alirudia maneno yake yale yale kuhusu landilodi na makeyateka. Kijana mmoja akamkatiza: “Wee, landilodi wa huku ako na taito. Hao wa Kibera ni wenye nyumba tu!” Mabishano yakazuka, filamu ikasimamishwa kidogo.

Kijana alikuwa na hoja ya kisemantiki ambayo ningependa kuiona katika tasnifu. Kawangware iko Dagoretti, eneo lililokuwa la Kiambu kabla ya kuingizwa Nairobi wakati wa uhuru. Huko ploti nyingi zina hati za familia. Kibera, kwa sehemu kubwa, ardhi ni ya serikali. Anayekusanya kodi anamiliki mabati na matope, tena mara nyingi kwa idhini ya mdomo ya chifu. Mmoja ni bwana wa ardhi kweli. Mwingine yuko karibu zaidi na yule mkubwa wa William wa Normandy, anayeshikilia kwa hisani ya aliye juu. Neno moja, mitaa miwili, maana mbili. Tafsiri nzuri hupimwa pia kwa masikio ya mahali inaposikilizwa.

Nirudi kwenye vita, maana wengi walilipa kwa ajili ya vita. Filamu inaonyesha pigano la Stirling katika uwanja wazi, bila daraja! Katika historia, lile daraja jembamba ndilo lililowaponza Waingereza. Waliovuka kwanza walikatwa wakafyekwa kabla wenzao hawajawafikia. Kule Falkirk, Waskoti walijipanga kwa mikuki mirefu wakawazuia farasi, lakini mishale ikawapukutisha. Msimulizi alisema ushindi ulitokana na “roho ngumu”. Roho ngumu ilikuwapo Falkirk pia, na haikutosha.

Mwishoni Wallace anakatwakatwa, na kabla hajafa anapiga ukelele. Msimulizi wa Kibera alishusha sauti ya maikrofoni, akangoja, kisha akaitafsiri kwa neno moja: “Uhuru!”

Kutoka nyuma ya kibanda sauti ya mzee ikajibu: “Na mashamba?”

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Nadhani mzee huyo alikumbuka kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, na ardhi ilitajwa kwanza. Aliitia kidole filamu mahali panapouma. Robert Bruce alipowashinda Waingereza huko Bannockburn mwaka wa 1314, aliwanyang'anya maadui zake mashamba, akawagawia wafuasi wake. Malandilodi walibadilishwa. Skwota akabaki skwota. Filamu haisemi hivyo. Swali la mzee ndilo lililosema.

Siwaombi walimu walifute neno ukabaila. Linatufaa kama jina la mfumo, na watahini bado watalitaka. Ninachoomba ni kwamba kabla hatujaliandika ubaoni, tuwaulize wanafunzi ni nani anayekuja kudai kodi kwao, anamdaia nani, na aliye juu yake ni nani. Wakishajibu, Enzi za Kati zitakuwa zimeshaingia darasani. Na tukifika kwa askari wa mfalme, tuwarudishie keya.

Ama yule mwanafunzi wa Kawangware, alishahitimu akaenda zake. Alama zake mbili siwezi kuzirudisha, rekodi zimefungwa. Lakini kama unasoma ukurasa huu, kijana wangu, jua kwamba duara lile jekundu nimelifuta.