Mawimbi yaliyofuatwa hadi Alaska

Kifuu cha nazi kinachoelea nje ya miamba hakisafiri na wimbi. Mgongo wa wimbi unapofika, kinapanda na kusogea mbele kidogo. Ukishapita kinashuka na kurudi karibu palepale. Maji yaliyokibeba nayo yamezunguka duara na kurejea. Kilichokwenda zake ni nishati.

Je, nishati hiyo ikishaachana na upepo ulioizaa, hufika wapi kabla ya kuisha? Mwaka 1963 Walter Munk na Frank Snodgrass wa taasisi ya Scripps, California, waliamua kuifuata katika Bahari ya Pasifiki yote. Munk hakuwa mgeni wa mawimbi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, yeye na Harald Sverdrup walibuni njia ya kuyatabiri ili majeshi yajue lini pa kutua ufukweni patakuwa salama.

Vituo vilipangwa kwenye mstari mmoja: Cape Palliser huko New Zealand, Tutuila katika Samoa, kisiwa cha Palmyra, Hawaii, na mwisho Yakutat, Alaska. Ni zaidi ya kilomita 10,000. Chanzo kilikuwa dhoruba za kusini, karibu na Antaktika.

Macho hayangefaa kitu. Mawimbi yaliyotoka mbali hivyo huwa yamefifia, tena yamefunikwa na vurugu za upepo wa papo hapo. Hapa ndipo ustadi wao unapopendeza: walitega vipimo vya kanieneo kwenye sakafu ya bahari. Mtikisiko wa wimbi hupungua kadiri mtu anavyozama, na kwenye kina cha nusu ya urefu wake huwa karibu umekwisha. Wimbi ambalo migongo yake hupishana kwa sekunde 5 lina urefu wa mita 39 hivi, kwa hiyo mita 20 chini halisikiki. La sekunde 20 lina urefu wa mita 620, na huko chini bado linasukuma. Bahari yenyewe ikawa chekeche.

Kati ya Hawaii na Alaska hapakuwa na kisiwa cha kuweka kituo. Wakapeleka FLIP, chombo cha mita 108 ambacho kilijazwa maji tezini kikasimama wima, mita 90 hivi zikiwa chini ya uso wa bahari. Sehemu kubwa ya mwili wake ikiwa kwenye maji yaliyotulia, chombo hakikuyumba sana.

Waliwezaje kujua ni dhoruba ipi? Katika maji ya kina kirefu, wimbi refu hukimbia kuliko fupi. Nishati ya mawimbi ya sekunde 20 huenda kilomita 56 kwa saa, na ya sekunde 15 kilomita 42. Yote huondoka pamoja, lakini baada ya kilomita 10,000 ya kwanza hufika kwa siku saba na nusu, ya pili kwa siku kumi. Pengo hilo ndilo linaloeleza umbali wa chanzo. (Migongo yenyewe huenda mara mbili ya kasi hiyo: huzaliwa nyuma ya kundi, hulipita, na kufia mbele.)

Matokeo yalichapishwa mwaka 1966. Mmoja wa waandishi, Klaus Hasselmann, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2021, alikuwa ameshakokotoa jinsi mawimbi yanavyopeana nishati. Ilitarajiwa kwamba bahari iliyochafuka kwa pepo za biashara ingeyadhoofisha mawimbi hayo njiani. Haikuwa hivyo. Hasara kubwa ilitokea karibu na dhoruba. Baada ya hapo mawimbi marefu yalivuka ikweta karibu bila kupoteza kitu, yakipungua kimo kwa sababu tu ya kutawanyika. Upepo uliovuma kando ya barafu ya kusini ulimalizia kazi yake siku nyingi baadaye, ukisukuma mchanga wa Yakutat.