Kaa Karibu na Pipa

Ukitaka kumjua mpiga gita wa Katanga, achana na mkono wa kushoto unaopanda na kushuka shingoni mwa gita. Tazama wa kulia. Vidole vinavyofanya kazi ni viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashika nyuzi nene na kutunza mwendo. Cha shahada kinachokoa nyuzi nyembamba na kusema neno lake, mara kikitangulia, mara kikichelewa kwa makusudi, kisha viwili vinakutana pale ulipokwisha kata tamaa kwamba vitakutana. Aliye nje ya ukuta ataapa kuwa ndani wamo wapigaji wawili, pengine na wa tatu anayewashangilia.

Mwenye mkono huo alikuwa Mwenda Jean-Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, katika mkoa tunaouita leo Lualaba. Bunkeya ndiyo iliyokuwa makao ya Msiri, mfalme wa Bayeke, ambao asili yao ni Usumbwa, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Ndiyo maana baadaye alijulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo yake ya kurekodi muziki wa Kiafrika, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya sasa. Kijana alikuwa na miaka ishirini na kitu. Katika nyimbo zilizonaswa ulikuwamo “Masanga”, uliotoka kwa chapa ya Gallotone.

Santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kwa upande mmoja, na mimi nazishukuru santuri hizo. Zilimlazimisha Mwenda kutosema neno la ziada. Sikiliza “Masanga” polepole, si mara moja. Kipande cha muziki kinakuja, unadhani umekishika. Kinarudi, safari hii kimepungukiwa noti moja, na pengo lile ndilo linalokuvuta mbele. Kinarudi tena, noti imerejea lakini imehamia kwa gumba. Hakuna mahali anapokimbia ili uone kuwa anaweza kukimbia. Wapigaji wengi wenye vidole vyepesi hawana adabu hiyo; wakijua njia kumi watakupitisha zote kabla hujaketi.

Wasomi waliona hazina. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alikaa na santuri hizo akazigeuza kuwa noti za kuandikwa, akachapisha uchambuzi wake katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. Kazi ya kuheshimiwa. Lakini jina alilolipa uchambuzi wake lilisema juu ya kubuni papo hapo, na hapo ndipo karatasi inaposhindwa: muziki unaobadilika kila unapopigwa ukiuandika umeandika siku moja tu ya maisha yake. Mwenda mwenyewe aliendelea kuubadilisha. Mwaka 1988 alirekodi tena Cape Town, mtu mzima sasa, na miaka miwili baadaye akafariki katika ajali ya gari.

Gita lilifikaje Katanga? Kwa reli na kwa mshahara. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kampuni ya migodi ya Union Minière ikakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia, Ruanda-Urundi na kwingineko. Kiswahili kikawa lugha ya kambi, na Mwenda aliimba kwa Kiswahili hicho hicho cha mgodini. Gallo, kampuni ya Afrika Kusini iliyotoa santuri zake, ilitengeneza pia magita ya bei nafuu huko Durban. Moja lilisafiri hadi Liverpool, na John Lennon alilipiga kwenye sherehe ya kanisa la Woolton tarehe 6 Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney. Wapenzi wa roki wanaopenda kuhesabu ukoo wa muziki wao waiweke hiyo kwenye orodha.

Mwaka 1959 Mwenda alikwenda Nairobi, akasikika redioni hadi kwenye matangazo ya dawa ya Aspro. Edouard Masengo, Mkatanga mwenzake, naye alivuma huko. Nyumbani, hata hivyo, rumba ya Kinshasa yenye magita ya umeme ilizidi kutanda, na mtu mmoja na gita lake akaonekana mdogo mno kwa sherehe.

Lakini ukanda wa shaba wa Katanga haukuacha kutengeneza sauti yake. Karindula ni bendi ya mtaani, na jina hilo pia ni la chombo chake kikuu: pipa tupu la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, likatiwa shingo ndefu ya mti na nyuzi nne. Pipa la chuma katika nchi ya migodi halihitaji kutafutwa. Kulifanya liimbe ndiyo kazi. Ngozi hulegea hewa ikiwa na unyevunyevu, kwa hiyo hupashwa moto. Ikikauka kupita kiasi sauti inakuwa ya bati. Anayelipiga hawezi kulipakata kama gita. Lazima mwili wake wote uliegemee. Sauti yake ya chini huisikii kwanza kwa masikio, unaisikia kwenye magoti. Juu yake zinakaa banjo ndogo, ngoma, waimbaji wanaopokezana, na wachezaji wasiomuonea haya mtu.

Alichokifanya Mwenda kwa vidole viwili, hawa wanakifanya kwa watu wengi: kila mmoja anashika kipande kifupi na kukiachia mwenzake nafasi. Ukimtazama mpiga pipa vizuri utaona kuna mapigo anayoyaacha. Anainua mkono, anangoja banjo ndogo imalize, ndipo anashusha. Hilo halifundishwi siku moja. Mwaka 2011 chapa ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa rekodi za bendi kama BBK na Bena Ngoma, zilizonaswa Lubumbashi na Vincent Kenis. Ni rekodi nzuri, nyimbo ndefu zisizojali saa. Hata hivyo spika haina magoti.

Wapigaji wengi wa karindula huitwa kuchangamsha watu, wakalipwa bia, na mafundi wakahesabiwa kuwa wahuni. Siafiki. Na wakipandishwa jukwaa kubwa lenye vipaza sauti vinavyopiga miluzi, pipa linageuka ngurumo na banjo ndogo zinapotea. Ujuzi wote unaliwa na nyaya. Muziki huu unataka chumba cha watu hamsini, viti vya plastiki, na msikilizaji anayeweza kuona kidole. Nyinyi mnaosoma Chuo Kikuu cha Kolwezi, anzeni. Waiteni jioni moja, wapeni ukumbi mdogo bila umeme wa ziada, wapeni makaa ya kupashia ngozi, walipeni fedha taslimu. Na mkae viti vya mbele.