Dora Ratjen: Filamu na Jalada

Vipo visa vinavyokaa vizuri mno mdomoni, hata msimulizi asitake kuviuliza nasaba yao. Kimojawapo ni hiki: kwamba Wanazi, walipojiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, walimvika mwanamume nguo za kike wakamtia katika mashindano ya wanawake ya kuruka juu, ili medali isimwendee msichana wa Kiyahudi. Kisa kina mwovu, kina mdhulumiwa, kina hila, na mwishoni kina kejeli, kwani huyo aliyevishwa aliambulia nafasi ya nne. Mtunzi gani atakisukuma mbali? Kaspar Heidelbach hakukisukuma. Filamu yake, Berlin '36, ilitoka Septemba 2009 ikitangazwa kuwa kisa cha kweli. Mwezi huohuo jarida la Der Spiegel likachapisha yaliyomo katika majalada ya polisi na ya madaktari ya mwaka 1938 na 1939, na majalada yale yanasimulia jambo jingine.

Tuanze na lililo kweli, maana ni zito. Gretel Bergmann, mzaliwa wa Laupheim, alifukuzwa katika klabu yake mwaka 1933 kwa kuwa Myahudi. Akaenda Uingereza, na mwaka 1934 akawa bingwa wa huko. Wakubwa wa Ujerumani wakamrudisha kwa kuitishia familia yake, kwa sababu Wamarekani walikuwa wakizungumza juu ya kuisusia Olimpiki na palihitajika Myahudi wa kuonyeshwa. Juni 1936, mjini Stuttgart, aliruka mita 1.60 na kuifikia rekodi ya Ujerumani. Tarehe 16 Julai, siku moja baada ya meli ya timu ya Marekani kung'oa nanga, aliandikiwa barua ya kuambiwa kwamba kiwango chake hakitoshi. Mshindi wa Berlin, Ibolya Csák wa Hungaria, na wawili waliomfuata wote waliishia kwenye mita 1.60, hata ikabidi waruke tena ili apatikane mmoja. Filamu inalieleza hili kwa ufasaha, na Karoline Herfurth anamwigiza Bergmann kwa utulivu unaostahiki sifa. Laiti ingeishia hapo.

Lakini filamu inamtaka na mwenzake, na hapo ndipo ugomvi wangu nayo unapoanza. Mwenzake huyo amepewa jina la kubuni, Marie Ketteler, na ameigizwa na mwanamume, Sebastian Urzendowsky. Mtazamaji anaketi kitini akimwona mwanamume aliyevaa gauni, na tangu dakika ya kwanza macho yake yameshatoa hukumu. Watu wa mwaka 1936 hawakuona hivyo. Bergmann mwenyewe, aliyelala chumba kimoja na Dora Ratjen katika kambi ya mazoezi, alisema uzeeni kwamba hakuwahi kumshuku. Aliona mwenziwe ana haya nyingi bafuni, basi. Kumchagua mwigizaji ni kutoa hoja, na hoja hii filamu imeitoa bila kuithibitisha.

Majalada yanasemaje? Dora Ratjen alizaliwa tarehe 20 Novemba 1918 katika kijiji cha Erichshof, karibu na Bremen. Baba aliwaeleza polisi kwamba mkunga alitamka kwanza kuwa ni mtoto wa kiume, na dakika tano baadaye akasema, la, ni wa kike. Mtoto alipougua, akiwa hajatimiza mwaka, daktari alimtazama maungo akawaambia wazazi wamwache alivyo, hakuna la kufanya. Akalelewa kama binti, akavishwa kama binti, akasomeshwa na mabinti. Yeye mwenyewe aliwaambia polisi kwamba alipofika miaka kumi au kumi na moja alianza kutambua kuwa hakuwa mwanamke, lakini hakuwahi kuwauliza wazazi wake kwa nini anavishwa nguo zile. Hakuna afisa wa Kinazi katika simulizi hii. Kuna mkunga na dakika zake tano, na nyumba ya watu wa kijijini iliyoona haya kuuliza.

Septemba 1938, mjini Vienna, Dora alitwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuruka mita 1.70, rekodi mpya ya dunia. Siku chache baadaye, akiwa safarini kurudi, mhudumu wa treni alitoa habari kwamba yumo mwanamume aliyevaa kike, na katika kituo cha Magdeburg polisi wakamshusha. Hati zake zilikuwa halali. Afisa alipomtishia kumkagua mwilini, akakiri. Maelezo ya daktari aliyemtazama siku ile yamechapishwa, nami sitayarudia hapa. Mtu yule alikwishavuliwa sitara yake mara moja kituoni, na sioni kwa nini tumvue tena jaridani. Itoshe kwamba daktari alisema ni mwanamume, na kwamba kwa mujibu wa polisi Dora alionekana kama aliyetuliwa mzigo. Akairudisha medali, akaahidi kuacha michezo. Mwaka 1939 mwendesha mashtaka aliifunga kesi kwa kuwa hapakuwa na nia ya kujipatia mali kwa udanganyifu. Daftari la vizazi likasahihishwa, na Dora akawa Heinrich.

Liko na jambo moja dogo ambalo lingetosha peke yake kuivunja hadithi ya hila. Kila nchi iliruhusiwa kupeleka warukaji watatu. Ujerumani ilipeleka wawili, Elfriede Kaun na Ratjen. Nafasi ya tatu, iliyokuwa haki ya Bergmann, iliachwa wazi. Basi Ratjen hakukalia kiti cha mtu. Waliomdhulumu Bergmann hawakuhitaji mwanamume wa kuvishwa gauni; karani na bahasha viliwatosha. Kwa kuuweka mwili wa Ratjen katikati ya dhuluma ile, filamu inaipunguza dhuluma yenyewe: mtazamaji anatoka akikumbuka kioja, na barua ya tarehe 16 Julai imeshamponyoka.

Uongo huu si wa Heidelbach. Aliuokota. Mwaka 1966, katika mashindano ya Ulaya mjini Budapest, wanariadha wanawake walitakiwa kupita uchi mbele ya jopo la madaktari ili wathibitishwe kuwa ni wanawake. Jarida la Time la Marekani, likieleza ukaguzi huo, ndilo lililoandika kwamba Ratjen, liliyemwita Hermann, alikiri kwa machozi kuwa Wanazi walimlazimisha. Hata jina walilikosea. Lakini kisa kilikuwa na kazi ya kufanya: ikiwa serikali moja iliwahi kumficha mwanamume ndani ya sketi, basi kila mwanamke ni mtuhumiwa mpaka apekuliwe. Mwaka 1967 ukaguzi wa macho ukafuatwa na kipimo cha kromosomu, na aliyenaswa kwanza ni Ewa Kłobukowska wa Poland, ambaye mwaka mmoja nyuma alipita Budapest bila doa. Mwaka 1985 ikawa zamu ya María José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, aliyekuwa na kromosomu za kiume katika mwili usioitika homoni za kiume. Alipigania haki yake hadi mwaka 1988 aliporejeshwa, umri wake wa kukimbia ukiwa umekwisha. Huko Atlanta mwaka 1996 walipimwa wanawake 3,387. Wanane walinaswa na kipimo, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana. Kamati ya Olimpiki ilikiacha kipimo hicho mwaka 1999.

Mimi ni mtu wa maneno, sikupita chuo cha tiba, na maswali ya nani akimbie na nani sidai kuyamaliza. Anayesema kwamba mashindano ya wanawake yanahitaji mpaka ana hoja yake, nami siidharau. Ninalolitazama ni namna tunavyosimulia. Mfasiri wa Kiingereza akifika kwenye jina la Ratjen hukwama, maana lugha yake inamdai kiwakilishi cha kike au cha kiume katika kila sentensi. Kiswahili hakitudai hivyo. Alizaliwa, aliruka, alishushwa, alikiri: ile a- inamchukua mtu mzima bila kumfunua. Msomaji aliyetufuata mpaka hapa huenda hata hakuhisi tulipovuka kutoka Dora kwenda Heinrich. Pia tunalo neno huntha, lililotufikia kwa Kiarabu kupitia vitabu vya fikihi. Mafakihi wa Kishafii, katika mirathi ya huntha ambaye hali yake haijabainika, humpa kila mrithi kile kisicho na shaka na kukizuia kinachobaki mpaka mambo yabainike. Sisemi kwamba fikihi ni kanuni ya riadha, wala kwamba Ratjen alikuwa huntha, hilo halithibitiki. Nasema tu kwamba msamiati wetu umewahi kuipa shaka mahali pa kukaa.

Kuwa na neno si kuwa na adabu, hata hivyo. Agosti 2009, wiki chache tu kabla ya filamu hii kutoka, Caster Semenya wa Afrika Kusini alishinda mbio za mita 800 katika uwanja uleule wa Berlin, na habari za kupimwa kwake zikasambaa dunia nzima kabla hajapanda jukwaani kuvishwa medali. Mwaka 2016 huko Rio alishinda tena, nyuma yake wakiwa Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni za homoni zilizoanza kutumika mwaka 2019 zikawafungia wote watatu mbio hizo. Hao wawili ni jirani zetu, na nimesikia barazani wakizungumzwa kwa Kiswahili safi, kwa a- ileile isiyofunua, huku kila kilichofuata kikiwa kufunua. Na tangu Septemba 2025 shirikisho la riadha la dunia linataka kila mwanamke anayeshindana katika ngazi hiyo apimwe jeni mara moja katika maisha yake. Wenye kuitetea kanuni hiyo wana takwimu zao na wabishane nazo. Wasimlete tu Ratjen shahidi, kwa maana ushahidi huo ni wa kughushi.

Heinrich Ratjen alifariki Aprili 2008, miezi kama kumi na saba kabla filamu haijaonyeshwa. Aliwahi kuendesha baa ya wazazi wake, na waandishi waliomfuata aliwafungia mlango. Atakayetaka kukitengeneza kisa hiki upya hatahitaji bendera wala uwanja wa watu laki moja. Ana chumba cha uzazi kijijini, Novemba 1918, vita ndiyo kwanza vimekwisha, baba yuko nje anangoja, na mkunga anatoka kwa mara ya pili.