M. A. R. Barker: Kutoka Meza ya Mchezo hadi Riwaya

Mwezi Machi 2022, taasisi inayotunza urithi wa Tékumel, ulimwengu wa kubuni uliozaliwa upya Minneapolis kama mchezo wa mezani, ilithibitisha kwamba mwasisi wake, marehemu M. A. R. Barker, ndiye aliyeandika Serpent's Walk, riwaya ya kinazi iliyotoka mwaka 1991 kwa jina la bandia. Tangu hapo mjadala umezunguka swali moja: je, kazi itengwe na mtunzi wake? Swali hilo lina uzito wa kimaadili, lakini kihakiki halifiki mbali, kwa kuwa linazichukulia kazi zote za Barker kama kitu kimoja. Ukweli ni kwamba alitunga katika tanzu mbili zenye kaida tofauti, mchezo na riwaya, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Barker alizaliwa Spokane, jimbo la Washington, mwaka 1929. Alipokwenda India kimasomo mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisilimu na kuchukua jina la Muhammad Abd-al-Rahman. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu Kiklamath, lugha ya wenyeji wa Oregon, na mwaka 1963 na 1964 akachapisha matini, kamusi na sarufi ya lugha hiyo. Akiwa McGill, Kanada, aliongoza uandishi wa vitabu vya kufundishia Kiurdu na Kibaluchi. Mwaka 1972 alihamia Chuo Kikuu cha Minnesota kufundisha taaluma za Asia ya Kusini.

Alifika wakati mwafaka. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, David Wesely na Dave Arneson walikuwa wamekwisha kuigeuza michezo ya vita ya mezani kuwa kitu kipya: kila mchezaji hujivika nafsi ya mhusika mmoja, mwamuzi hueleza mandhari na mikasa, mchezaji husema atakalotenda, na dadu huamua penye shaka. Mwaka 1974 Arneson na Gary Gygax walichapisha Dungeons & Dragons. Mwaka huohuo Barker alitoa nakala chache za mchezo wake, Empire of the Petal Throne, ambao kampuni ya TSR iliuchapisha mwaka 1975.

Mchezo huo ulijengwa juu ya Tékumel, ulimwengu aliokuwa akiubuni tangu utotoni. Hiyo ni sayari iliyowahi kukaliwa na wasafiri wa anga kutoka duniani, kisha ikakatwa na nyota zote. Chuma kikawa adimu, na elimu ya mitambo ikageuka uchawi. Utamaduni wake haukuiga Ulaya ya enzi za kati, bali ulivuta pumzi kutoka Asia ya Kusini, Misri ya kale na Amerika ya Kati. Lugha yake kuu, Kitsolyáni, ilichapishiwa sarufi mwaka 1978.

Msomaji aliyelelewa na hadithi za Kiswahili ataitambua kanuni ya meza hiyo. Msimulizi akisema "Paukwa", hadithi haianzi mpaka hadhira iitikie "Pakawa". Kwa miaka mingi kundi la Alhamisi usiku lilikutana nyumbani kwa Barker, na matendo ya wachezaji wake yakaingizwa katika historia ya Tékumel. Mtunzi alikuwa na mamlaka makubwa, lakini yalikuwa mamlaka yenye kujibiwa kila wiki.

Riwaya za The Man of Gold (1984) na Flamesong (1985), zilizochapishwa na DAW, zilimwondolea mtunzi hadhira hiyo. Ya kwanza inamfuata Harsan, kuhani kijana na msomi wa lugha za kale, na ni bora pale fumbo la lugha linapousukuma msuko. Udhaifu wake uko wazi: majina ya miungu, koo na makabila humiminika kabla msomaji hajawa na haja nayo. Mezani maelezo hayo yangetolewa pale mchezaji anapouliza. Ndani ya riwaya hakuna anayeuliza, na mtunzi hana wa kumzuia.

Serpent's Walk, iliyochapishwa na shirika la wazungu wenye siasa za ubaguzi, inaupeleka upweke huo wa sauti kwenye ubaya kamili. Inasimulia warithi wa SS wanaorudi kuitawala Marekani katika karne ya 21, na nia yake ni kumvuta msomaji awashangilie. Haitoshi kusema kwamba riwaya humpa mtunzi sauti moja; chuki hiyo ilikuwa ya Barker mwenyewe, na hakuna utanzu unaoweza kubebeshwa lawama yake. Lakini utanzu unaeleza kwa nini chuki hiyo ilikosa mahali pa kujitokeza wazi mezani, mbele ya watu wenye haki ya kukataa.

Wanaosema kwamba mtu aliyejifunza lugha nyingi hivyo asingeweza kuwachukia wengine wanasahau historia ya lugha zetu wenyewe. Carl Meinhof, mmoja wa waasisi wa isimu linganishi ya Kibantu, ambaye mchango wake umo katika kila somo la ngeli, alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933. Nadharia yake ya Wahamiti ilivunjwa na Joseph Greenberg kwa ushahidi wa lugha zenyewe, huku ulinganishi wa Kibantu ukibaki, kwa sababu ulikuwa na njia ya kupimwa na kusahihishwa na wengine. Kujua sarufi ya watu si kuwaheshimu.

Leo jirani na Chuo Kikuu cha Minnesota upo mtaa wa Cedar-Riverside, maskani ya Waafrika Mashariki wengi, na wengi wao ni Waislamu. Kwa wakazi wa mtaa huo, riwaya ya 1991 si tatizo la nadharia, inawatakia maangamizi. Mhakiki hana budi kuitaja kila anapoitaja Tékumel, kisha aonyeshe ni kipi ndani ya Tékumel kilitungwa na wengi na ni kipi kilikuwa cha mtu mmoja. Wachezaji wanaoendelea kuutumia ulimwengu huo wanayo haki ya kuubadili, na hata ya kuuacha, kwa kuwa tangu mwanzo walikuwa sehemu ya utunzi wake.