Kulea Mbwa kwa Vidole

Mtoto wa mbwa hakaguliwi kwa macho. Manyoya yake huficha mengi, na uchangamfu wake huficha zaidi, maana atatikisa mkia huku minyoo inammaliza. Mzee mmoja wa Makere, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, analijua hilo. Jioni, jembe likisharudi ndani, huketi kwenye kigoda chake, akampakata mtoto wa mbwa chali, akaanza kazi. Vidole huanzia nyuma ya masikio, wanakojibanza kupe, vikashuka shingoni, makwapani, kwenye mikunjo ya mapaja. Humfunua mdomo atazame fizi: zikiwa nyekundu hunyamaza, zikiwa nyeupe huguna, kwa kuwa kuna kitu kinanyonya damu. Hulibonyeza tumbo kwa kiganja. Lililovimba na kukaza saa ambayo mtoto hajala ni la minyoo, hata akionekana mnene. Mwisho humsugua mgongo kwa gunzi la mahindi, vumbi na manyoya mafu yakatoka. Mnyama yule ambaye mchana kutwa hatulii, wakati huo hulegea na kufumba macho.

"Namzoesha mkono, mwanangu," aliniambia. "Siku akiumwa kweli, asining'ate nikimshika."

Kinachochukua muda mrefu kuliko vyote ni nyayo. Aliyekulia huku Buha haulizi sababu. Kiangazi, vumbi jekundu likishakuwa laini, funza huingia katikati ya vidole na pembeni mwa kucha. Jike likishajizika kwenye ngozi hunywa damu na kujaa mayai, na katika wiki moja au mbili hufura likafikia ukubwa wa punje ya njegere. Mzee hupaka mawese kwanza, akasubiri ngozi ilainike huku akiongea mambo mengine kabisa, ya mvua, ya bei ya maharage. Kisha hutoa mwiba wa mchungwa alioupitisha motoni. Hachokoi. Ncha huizungusha pembeni mwa lile doa jeusi, polepole, akiitenganisha ngozi kidogo kidogo hadi mfuko wa mayai utoke mzima. Ukipasukia ndani, umepanda jipu. Kinachotoka hukitia motoni, hakitupi uani. Baada ya hapo huosha kidonda kwa maji na sabuni, akahamia kidole kingine. Nilimtazama akimaliza miguu yote minne bila kuharakisha hata kidole kimoja, na jua lilishazama.

Usidhani ni mapenzi ya mbwa peke yake. Funza wa mbwa ndiye huyo huyo wa mtoto anayetambaa kwenye sakafu ya udongo, na nyumba inayosahau nyayo za mbwa itakuja kukesha na miguu ya watoto. Tena mdudu huyu si wa kwetu. Asili yake ni Amerika, na husimuliwa kwamba aliletwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili. Kabla ya karne ile kwisha alikuwa amelivuka bara zima kwa miguu ya wapagazi na askari hadi pwani ya mashariki. Kwa hiyo ufundi huu wa mwiba, tunaouona kuwa wa tangu na tangu, una umri wa vizazi vichache tu. Watu walivamiwa na mgeni mbaya, wakajifunza upesi namna ya kumtoa mzima. Sisi tulioupokea ufundi huo bure, mbwa wetu wanachechemea na hatujui wanachechemea mguu upi.

Katika chakula mzee ana akili ya mtu asiye na cha kupoteza. Mtoto haondoki kwa mama yake kabla ya wiki sita, na akiweza humwacha hadi nane. Anayeachishwa ziwa hupata uji wa mahindi wa vuguvugu uliotiwa dagaa wa Tanganyika, dagaa waliooshwa mchanga kwanza na kutwangwa, mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Ugali wa muhogo mtupu hampi, anasema unashibisha bila kujenga, na kweli watoto wa mbwa waliokuzwa kwa ugali mtupu tunawajua kwa miguu yao iliyopinda. Mfupa wa kuku uliopikwa haurushi, maana huvunjika vipande vyenye ncha. Maji hubadilishwa kila asubuhi.

Ndani ya kambi mambo ni magumu zaidi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na kuanzia 2015 Warundi wakamiminika. Mgao ni unga, jamii ya kunde, mafuta na chumvi, tena umewahi kupunguzwa zaidi ya mara moja. Hakuna aliyepimiwa fungu la mbwa. Hata hivyo nimemwona mama akiloweka ukoko wa sufuria, akaukoroga kwa kijiko hadi ukalainika, akamwita mwanawe: "Mpelekee mwenzako." Siwezi kumlaumu mtu anayeshindwa katika hali hiyo. Lawama yangu inawaendea wenye mageti, mjini Kasulu na kwingineko, wanaonunua mtoto wa mbwa wa wiki nne, wakamfunga kwa waya kwenye mwembe, wakamwita Simba, kisha wakashangaa amekufa.

Wazee nao wasipambwe kupita kiasi. Wapo waliowalisha watoto wa mbwa pilipili na nyigu ili wawe wakali, na ukali huo ulikuwa maumivu tu. Wapo waliowaogesha kwa maji ya tumbaku kuua viroboto, na sumu ya tumbaku haichagui, kiroboto na mbwa hufa pamoja. Mzee wa Makere alifundishwa yote mawili akayaacha, na kwangu hapo ndipo ufundi wake ulipokomaa. Dawa ya minyoo hununua duka la dawa za mifugo, akairudia kila baada ya wiki mbili hadi mtoto atimize miezi mitatu. Akitimiza, huenda naye kwa afisa mifugo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na kila mwaka humrudisha. Kadi za mbwa zinakaa kwenye mfuko mmoja wa nailoni na kadi za kliniki za wajukuu. Hatanii hapo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hospitali haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukatika njiani, na dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa kichaa kinacholetwa na mbwa. Lakini mbwa wasiozoea mkono hawashikiki siku ya chanjo. Wamiliki wao huwakokota kwa kamba, kamba hukatika, nao hukimbilia porini bila sindano. Wangekuwa wamepakatwa jioni mbili tatu kwa juma tangu udogoni, wangesimama.

Zamani, anasema, aliyekuja kuomba mtoto wa mbwa kwake alikaa hadi jioni aone anavyokaguliwa, na alirudi kwao na mwiba wake. Siku hizi mtu husimama barabarani, pikipiki inanguruma, akauliza swali moja tu: atakuwa mkali lini? Mzee naye huuliza ni nani atakayempikia. Wengi hucheka wakaondoka. Katika uzao wa mwaka huu, wawili bado hawajapata wa kuwachukua, na dagaa wamepanda bei.