Tableti kwanza, ao umeme kwanza?

Bandugu, walimu wengi wenye kuwa mu staji wanasema: tupate tableti, watoto wataelewa haraka. Wazo ni zuri, lakini linaanzia ku mwisho. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na mitambo ya umeme ya Nzilo na Nseke iko hapa karibu na Kolwezi. Lakini masomo mengi hayana umeme. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, madarasa yamejaa. Sisi ba agronomia tunajua: mbegu ya bei bila maji haioti. Mwalimu aombe umeme na vitabu kwanza, kisha aseme tableti itafundisha somo gani. Munasemaje?